Jinsi ya kufuatilia asili ya neno, tukianzia na "tea"

"Madam, kama chai ililetwa na Wazungu, mbona hatuiiti 'tii' kama wao?"

Aliyeuliza ni kijana wa Kidato cha Pili, mwezi wa Juni, asubuhi ya ule ukungu wa Mufindi, huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania, unaomeza hata nguzo za goli. Watoto walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta, madirisha yamefungwa, nami nafundisha nomino zisizohesabika za Kiingereza: "tea", "sugar", "milk". Nusu ya darasa lile wazazi wao ni wachumaji wa chai. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mchumaji. Ada yangu yote ilitoka kwenye kikapu cha mama, majani mawili na chipukizi lake, siku baada ya siku. Lakini swali lile sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili."

Wiki mbili zikawa muhula mzima, na tangu hapo kila mwaka nafanya kazi hii na wanafunzi wangu. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza, na sijapata njia nyingine inayozikutanisha lugha hizi mbili vizuri kama hii. Naeleza hapa tunavyofanya. Unahitaji daftari, simu yenye bando kidogo, na subira. Nitakaa na neno moja tu, "tea", mpaka tulimalize.

Andika dhana zako kwanza

Kabla hujafungua kamusi yoyote, andika unachodhani. Ukishasoma jibu, utajidanganya kwamba ulilijua tangu mwanzo, na hutaona ulipokosea.

Siku ile ubaoni zilipanda dhana tatu. Moja, kwamba Wazungu walikuja na mmea, sisi tukabuni jina letu wenyewe. Mbili, kwamba "tea" limetokana na "tia": Mzungu alimsikia mpishi wa pwani akisema "tia majani", akadhani hilo ndilo jina la kinywaji. Tatu, kwamba T, E na A ni herufi za mwanzo za maneno matatu, ingawa maneno yenyewe hakuna aliyeyataja.

Hiyo ya "tia" niliipenda, na bado naiheshimu. Inaeleza sauti, inaeleza maana, na ina kisa cha watu wawili waliokutana jikoni. Ndiyo maana inahitaji kupimwa kwa ukali kuliko nyingine. Kisa kitamu hushikika haraka, na kikishashikika hakitoki.

Hiyo ya herufi za mwanzo niliipinga palepale, kwa sababu ilishaniumiza. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilifundishwa kwamba "news" ni kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, kwa kuwa habari hutoka pande zote nne. Nikalibeba hilo mpaka nilipokuwa mwalimu, na kwa miaka minne nikawapa watoto wa watu. Si kweli. "News" ni "new", yaani mpya, pamoja na "s" ya wingi: mambo mapya. Wafaransa nao hufanya vilevile, "nouvelles", na Kilatini cha zamani kilisema "nova". Tangu hapo nimejiwekea kanuni: ukiambiwa neno la zamani la Kiingereza ni kifupi cha herufi za mwanzo, likatae mpaka uoneshwe ushahidi. Mtindo huo wa kutengeneza maneno umeshamiri karne ya 20 tu.

Tafuta tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo simu inapoingia. Kiingereza kina bahati kubwa: kamusi kuu ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa vipande 1884 na kukamilika 1928, iliandaliwa kwa kukusanya mifano ya matumizi kutoka maandishi ya zamani, kila mfano na mwaka wake. Zipo pia kamusi za asili ya maneno zinazosomeka bure mtandaoni. Usikimbilie mstari unaosema "neno hili limetoka lugha fulani". Tafuta mwaka wa maandishi ya kwanza, uuandike juu kabisa ya ukurasa.

Kwa neno letu, tarehe tatu zilitutosha.

1615: Mwingereza mmoja wa Kampuni ya India Mashariki, akiwa Japani, anamwandikia barua mwenzake amtafutie chungu kimoja cha "chaw" iliyo bora. Isome kwa sauti. Ni "cha". Darasa lilinyamaza hapo. Waingereza walianza na jina linalofanana na letu!

1658: gazeti la London linatoa tangazo la mgahawa wa kahawa. Wanauza kinywaji cha China kilichokubaliwa na matabibu wote, ambacho, wanasema, Wachina hukiita "Tcha" na mataifa mengine hukiita "Tay" au "Tee". Majina yote mawili katika sentensi moja, kama mtu aliyesimama njia panda bado hajaamua apite wapi.

1660, Septemba 25: Samuel Pepys, ofisa wa serikali aliyekuwa akiandika kumbukumbu zake kila siku, anasema aliagiza kikombe cha "tee", kinywaji cha China ambacho hajawahi kukinywa kabla. Njia imeshachaguliwa.

Sasa rudi kwenye dhana zako uzipime kwa tarehe. "Tia majani" inamtaka mpishi wa Kiswahili na Mzungu jikoni pamoja kabla ya 1658, na neno lisafiri kutoka hapo hadi London. Lakini wale waliolileta neno London wanasema wenyewe, kwa maandishi, kwamba kinywaji ni cha China, na mpishi wa pwani hawamtaji popote. Dhana inaanza kuyumba. Bado haijaanguka, iliangushwa na hatua inayofuata.

Sikiliza neno lilivyotamkwa zamani

Herufi ni kumbukumbu mbovu ya sauti. Leo Mwingereza husema "tii". Lakini tazama lile tangazo: "Tay". Mwanzoni mwa karne ya 18 mshairi Alexander Pope aliweka "tea" mwishoni mwa mstari ili lipatane kwa vina na "obey". Kijana yeyote anayejua vina vya shairi la Kiswahili anaelewa maana yake: neno lilitamkwa "tei". Vina ni shahidi mzuri kuliko kamusi nyingi, kwa sababu mshairi hakuwa na nia ya kutoa ushahidi.

Tena "tea" halikubadilika peke yake. Maneno mengi ya Kiingereza yenye "ea", kama "sea", "meat" na "speak", yalikuwa na sauti ya "e" ndefu, kisha polepole yakapanda hadi "i". Machache yaligoma: "great", "break", "steak". Ukiyatamka hayo matatu unasikia nyayo za zamani. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote: sauti ikibadilika katika neno, itafute katika maneno mengine ya aina hiyo. Ikiwa imebadilika humohumo kwa utaratibu, una ushahidi. Ikiwa imebadilika kwenye neno lako peke yake ili tu dhana yako ipone, una tamaa.

Na hapo "tia" ikafa. Kufanana kwa "tii" na "tia" ni kwa juzi tu. Neno lilipoingia Kiingereza lilikuwa "tei", na huwezi kulipata "tei" kwenye "tia" bila kulazimisha. Aliyetoa dhana hiyo alikuwa msichana wa dawati la mbele. Alisimama akaifuta mwenyewe ubaoni, na nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kufuta dhana yako kwa ushahidi ni kazi ngumu kuliko kuitoa.

Waite ndugu zake

Sasa chora mistari miwili kwenye daftari, na uulize: lugha nyingine zinaitaje kitu hiki? Usiishie kwa majirani. Tulipata hivi.

Upande mmoja: Kiholanzi "thee", Kifaransa "thé", Kijerumani "Tee", Kihispania "té", Kiindonesia "teh", na Kiingereza. Wapoland nao husema "herbata", na ukilikata vizuri unaikuta "te" imejificha ndani: ni Kilatini, "herba thea", majani ya te.

Upande wa pili: Kijapani "cha", Kireno "chá", Kihindi "chay", Kiajemi "chay", Kirusi "chay", Kituruki "çay", Kiarabu "shay", na Kiswahili "chai".

Makundi mawili, basi. Lugha zilizotapakaa dunia nzima, na karibu zote zinaangukia upande huu au ule. Ukipata picha ya namna hiyo, jua kuna chanzo kimoja chenye midomo miwili.

Chanzo ni China, na ni herufi moja tu ya Kichina: 茶. Katika lugha nyingi za China, Kimandarini na Kikantoni zikiwemo, herufi hiyo husomwa "cha". Katika lugha ya Kimin ya jimbo la Fujian, pwani ya kusini mashariki, husomwa "te". Maandishi yaleyale, ulimi tofauti. Kimin kimehifadhi "t" ya zamani ambayo wengine waliigeuza.

Nilipofika hapa niliogopa kwamba watoto wangenipotea, maana Fujian ni mbali na Mafinga, mji wetu. Ndipo nikakumbuka tunachokisoma kila mwaka kwenye ushairi wa zamani wa pwani. Niliandika ubaoni:

mato, macho
kuteka, kucheka
nti, nchi
mtele, mchele
mtanga, mchanga

Hizo za kwanza ni za lahaja za kaskazini, Mombasa na Lamu. Za pili ni za Unguja, ambazo zilichukuliwa kuwa Kiswahili sanifu. "T" kule, "ch" huku, tena kwa utaratibu, neno baada ya neno. Sidai kwamba historia ya sauti za Kichina na za Kiswahili ni moja, si moja. Nasema tu kwamba anayejua "mato" na "macho" ni neno moja hana sababu ya kushangaa kwamba "te" na "cha" ni neno moja. Ukumbi ulichangamka. Kijana mwenye swali akasema, "Kwa hiyo 'tea' na 'chai' ni Mombasa na Unguja." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo, na huwa nayarudia kila mwaka.

Kwa hiyo ukifuatilia neno, tafuta mfano wa mabadiliko hayo ndani ya lugha unayoijua tumboni. Kiswahili kina kila kitu: "ki" na "ch" (kitabu, lakini chakula), "l" na "r", na lahaja zetu zote. Na ukiwa na lugha ya nyumbani, Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, una kipimo kingine ambacho mtu wa mjini hana.

Uliza nani alilibeba

Neno halina miguu. Lazima awepo mtu, chombo na bandari. Waholanzi walianza kupeleka chai Ulaya mwanzoni mwa karne ya 17, na walifanya biashara na watu wa Fujian, huko Taiwan na katika bandari yao ya Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Walichokisikia ni "te". Kampuni yao ndiyo iliyowauzia majirani, na pamoja na mzigo likaenda jina: Ufaransa, Ujerumani, Uingereza.

Wareno ndio waliotusumbua. Wako Ulaya Magharibi kabisa, mbona wanasema "chá"? Ukitazama ramani jibu linajileta: wao walikaa Macau tangu 1557, kwa watu wa Kikantoni. Na kuna jambo dogo ninalolipenda hapa. Catarina wa Bragança, binti wa mfalme wa Ureno, aliolewa na Charles wa Pili wa Uingereza 1662, akafika akiwa mnywaji wa chai tayari, akitokea kwa watu wanaoiita "chá". Hata hivyo Waingereza hawakubadilisha. Neno la wenye meli lilibaki, la malkia halikushika.

Na letu je? Tazama mkia wake. Wajapani na Wareno wanaishia "cha". Waajemi, Wahindi, Warusi na Waturuki wana "y" mwishoni, na sisi tuna "i". Mkia huo unahusishwa na Kiajemi. Neno lilipopita huko likaupata, likaendelea nao. Kiarabu cha maandishi hakina sauti "ch", kikaweka "sh". Kwa hiyo "chai" yetu inaelekea upande wa Bahari ya Hindi, kwa majahazi na maduka, njia ileile iliyotuletea chapati. Katika Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, ukiipata maktaba, maneno mengi ya mkopo yamewekewa alama fupi kuonyesha yametoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi au Kireno. Ianzie kama pa kuulizia njia, usiishie hapo.

Tenganisha safari ya kitu na safari ya jina

Hili ndilo jibu la kijana wangu, na ndilo jambo ambalo ningependa ulichukue hata ukisahau mengine.

Swali lake lilikuwa na dhana iliyojificha: kwamba mmea na jina vilikuja pamoja. Havikuja pamoja. Mmea wa chai uliingia nchini wakati wa Wajerumani, ukapandwa Amani, Usambara, 1902, na Kyimbila, Rungwe, 1904. Mashamba makubwa ya biashara yalikuja baadaye, enzi ya Waingereza. Mjerumani aliuita "Tee", Mwingereza "tea", wote kutoka kwa Mholanzi. Lakini jina "chai" lilishapanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili chenyewe. Watu waliowekwa kupanda miche ya Mjerumani hawakuhitaji neno lake.

Kuna maneno ambayo Mjerumani alituachia kweli, na ni vizuri kulinganisha. "Shule" ni "Schule". "Hela" ni "Heller", sarafu ya koloni lake. Hivyo vilikuja kitu na jina kwa pamoja, na ndiyo maana vinamdanganya mtu kudhani kila kitu kilikuja hivyo.

Fuata na maana pia

Sauti ikishakaa sawa, fuata maana, kwa kifupi tu. Huku kwetu "umekunywa chai?" ni kuuliza kama mtu amepata kifungua kinywa, hata kama amekunywa uji. "Chai" ya ofisini, inayoombwa kwa sauti ya chini, ni rushwa. Na vijana wa siku hizi wakisema "hiyo chai" wanamaanisha habari ya kutunga. Andika kila maana, na nani anaitumia, na umeisikia wapi. Hiyo ya vijana miaka mingi ijayo itakuwa kumbukumbu ya thamani, na pengine daftari lako ndilo litakuwa limeitunza.

Jua pa kusimama

Tulipofika China watoto walitaka kuendelea. Tulirudi nyuma kidogo: herufi yenyewe ilizoeleka zama za Tang, kati ya 618 na 907, ikitokana na herufi ya zamani yenye mstari mmoja zaidi iliyotaja mmea mchungu. Hapo nikawasimamisha, ushahidi tulioweza kuusoma na kuuelewa uliishia hapo. Piga mstari, weka tarehe, funga ukurasa.

Kwa neno lako la kwanza nakushauri uchukue "sugar". Liko mezani palepale na ni jepesi kulifuata: Kisanskriti "sharkara", Kiarabu "sukkar", Kiitaliano "zucchero", Kifaransa "sucre", Kiingereza "sugar", na "sukari" yetu imetoka kwenye hiyo "sukkar". Kisha chukua "milk" na "maziwa", uone mawili yasiyo na undugu wowote yanavyoonekana, maana jicho linahitaji kuzoea na hilo pia.

Mwishoni mwa muhula ule nilikusanya madaftari. Nilienda nayo nyumbani kwa mama, nikamsomea ya kijana wangu huku amekaa karibu na jiko, kikombe mkononi. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika dhana tatu, na mbele ya kila moja uamuzi wake. Ya "tia" aliiandikia hivi: "Hapana. Tarehe zinakataa, na sauti zinakataa." Mama akaniuliza ni mtoto wa nani. Nilipomtajia kijiji, akasema anamfahamu mama yake. Walichuma mstari mmoja misimu mitatu.